Termitomyces titanicus: uyoga mkubwa wa vichuguu vya miombo

Termitomyces titanicus ni spishi ya uyoga wa porini unaoota katika misitu ya miombo ya Zambia na Katanga, kusini mwa Kongo, na unahesabiwa kuwa uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani, kwani kofia yake iliyokunjuka yote huweza kufikia upana wa mita moja. Huchomoza mvua zinapoanza, na wachumaji huupanga kandokando ya barabara wakiwauzia wasafiri. Wenyeji waliujua na kuula muda mrefu kabla wanasayansi Pegler na Piearce hawajauandika kisayansi mwaka 1980.

Uyoga huu haumei kwa kutegemea mizizi ya miti, kama wafanyavyo uyoga wengine wengi wa miombo, bali hutoka ndani ya kichuguu. Mchwa wa nusu-familia ya Macrotermitinae hutafuna miti mikavu na majani makavu, kisha hutumia kinyesi chao kujenga masega ambayo juu yake huotesha kuvu. Kuvu hiyo huvunjavunja sehemu ngumu za mimea ambazo mchwa peke yao wasingeweza kuzimeng'enya, nao huila pamoja na masega yaliyokwisha kulainika. Kwa hiyo anachokichuma mtu ni tunda tu la kuvu hiyo, na shina lake huendelea chini ya ardhi kama mzizi mrefu hadi kwenye masega.

Jenasi ya Termitomyces iliasisiwa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942, lakini familia yake ilibishaniwa kwa miaka mingi. Vipande vyembamba vilivyo chini ya kofia havishikani na shina, na spora zake, yaani chembe ndogo za uzazi, zina rangi ya waridi, hivyo wapo walioisogeza karibu na jenasi nyingine ya uyoga, Pluteus, na wengine karibu na Amanita, jenasi yenye uyoga wenye sumu ya kuua. Kwa maoni yangu kosa hilo lilieleweka, maana macho hayakuwa na ushahidi mwingine. Uchunguzi wa vinasaba ndio uliouonyesha ukoo wake halisi: familia ya Lyophyllaceae, oda ya Agaricales, ngeli ya Agaricomycetes, faila ya Basidiomycota, katika himaya ya kuvu. Vinasaba hivyohivyo vimebainisha kwamba mchwa walianza kilimo hiki mara moja tu, katika misitu ya mvua ya Afrika, yapata miaka milioni 30 iliyopita.