Aliyezaliwa Tanga Alipa Viza, Aliyezaliwa Mombasa Apita Bure: Kwenda Nyumbani kwa Pasipoti ya Ujerumani

Kila ifikapo Mei, Waswahili wanaoishi Ujerumani wanapoanza kupanga likizo ya watoto, hunijia swali moja kwa sura nyingi: mtu akishapata pasipoti ile ya rangi ya damu ya mzee, yenye tai wa Ujerumani kwenye jalada, je, bado anahitaji viza kwenda nyumbani? Jibu linategemea mambo ambayo jalada halionyeshi, yaani uraia mwingine alio nao mtu, shughuli inayompeleka, na njia atakayopitia. Nimekuwa nikiwashauri wasafiri kuhusu viza kwa miaka 14, na kwa ninavyoona, wanaokwama kwa kukosa viza yenyewe ni wachache. Wengi hukwama kwa sababu waliuliza kuhusu nchi waendako na wakasahau kuuliza kuhusu nchi watakazopitia.

Nitaeleza kwa kutumia safari ya familia moja niliyoisaidia, nami nayahifadhi majina yao. Baba alizaliwa Tanga, mama alizaliwa Mombasa, na watoto wao wawili, wa miaka 6 na 9, wamezaliwa Hamburg. Wote wanne wana pasipoti za Ujerumani. Walipanga kuruka hadi Nairobi, kuendelea Mombasa kwa wazazi wa mama na kukaa huko siku 8, kisha kushika barabara ya kusini kupitia Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga, na mwishowe kurudi Ulaya kwa ndege kutoka Dar es Salaam.

Tuanze na baba, kwa kuwa suala lake ndilo linaloumiza zaidi. Alichukua uraia wa Ujerumani mwaka 2016, wakati sheria ya huko bado ilimtaka mwombaji wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, kwa kawaida, aukane uraia wake wa awali. Ujerumani iliondoa sharti hilo tarehe 27 Juni 2024, na tangu siku hiyo nimesikia Watanzania wengi wakifurahi kwamba sasa wanaweza kubaki na pasipoti mbili. Furaha hiyo ina kasoro kubwa. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi nyingine pamoja na wa Tanzania, hivyo anayejipatia uraia wa Ujerumani kwa hiari yake huupoteza wa Tanzania, hata kama Wajerumani hawakumwomba arudishe chochote. Kuendelea kuitumia pasipoti ya Tanzania baada ya hapo ni kutumia hati ya uraia usiokuwa nao tena, na sijawahi kumshauri mtu yeyote afanye hivyo, hata aliye na mgonjwa wa kuwahi. Mazungumzo kuhusu hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania yameendelea kwa miaka mingi, lakini hadhi si uraia, na mtu asiyachanganye mambo hayo mawili anapokata tiketi.

"Ndugu yangu," baba yule aliniambia, "mama yangu kazikwa Tanga, na mimi nilipe dola 50 kuingia Tanga?" Nilimjibu kwamba ndiyo, atalipa, kwa sababu ofisa wa uhamiaji husoma kitabu kilicho mbele yake, na kitabu hicho kinasema Mjerumani.

Mama yeye alikuwa na njia nyingine kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 16, inasema kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Sheria inamtaka tu atoe taarifa ya uraia huo mpya ndani ya miezi mitatu. Naye kwa bahati aliomba uraia wa Ujerumani baada ya mageuzi ya 2024, kwa hiyo anazo pasipoti mbili halali. Aliingia Kenya kama Mkenya, bila ombi lolote na bila ada, na alipofika Horohoro aliingia Tanzania kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambaye hahitaji viza. Ndivyo ilivyotokea kwamba aliyezaliwa Mombasa aliingia Tanga bure na aliyezaliwa Tanga akalipa. Kwa Wakenya waliopoteza uraia kabla ya katiba hiyo, ibara ya 14 inawapa haki ya kuurudisha kwa maombi, na ningependa wengi zaidi wafanye hivyo mapema badala ya kulipia safari kila mwaka.

Watoto wao, kwa kuwa mama alikuwa Mkenya siku walipozaliwa, ni Wakenya wa kuzaliwa kwa mujibu wa ibara hiyo hiyo. Lakini haki isiyokuwa na hati haimfai mtu kwenye kaunta. Walikuwa na pasipoti za Ujerumani tu, na kwa safari hii walihesabiwa kuwa Wajerumani pamoja na baba yao.

Kwa Mjerumani, Kenya iliondoa viza kuanzia Januari 2024, na hapa ndipo lugha ya matangazo ilipowapotosha watu. Kuondolewa kwa viza hakukumaanisha kwamba mtu anashuka tu na kupita. Mahali pa viza pamewekwa idhini ya kielektroniki ya kusafiri, ambayo wasafiri wote wanaiita eTA, inayoombwa kabla ya safari katika tovuti ya etakenya.go.ke kwa ada ya dola 30 pamoja na tozo ndogo ya malipo. Mwombaji anaweka picha ya pasipoti, picha yake mwenyewe, taarifa za ndege na mahali atakapofikia. Anayefikia kwa ndugu aandike anwani ya ndugu huyo pamoja na namba yake ya simu, wala asibuni hoteli. Ombi halipaswi kuachwa hadi siku tatu za mwisho, na kila mtoto, hata mchanga, anahitaji idhini yake. Anayebadili ndege Nairobi bila kutoka uwanjani hahitaji idhini hiyo, ila sharti hilo la kutotoka ni zito kuliko linavyosikika: mtu aliyenunua tiketi mbili tofauti na ambaye analazimika kuchukua mabegi yake na kuyakabidhi upya atakuwa ameingia Kenya, apende asipende.

Mtindo huu wa kutotaka viza lakini kutaka idhini sasa umeenea, na anayetembea na pasipoti ya Ulaya ataukuta kila upande. Uingereza imeuanza kwa raia wa nchi za Umoja wa Ulaya tarehe 2 Aprili 2025, isipokuwa Waayalandi. Ada ilikuwa pauni 10 na wiki iliyofuata ikapandishwa hadi 16. Kanada huomba dola 7 za huko. Marekani ina idhini yake iitwayo ESTA, ambayo ada yake ilipanda kutoka dola 21 hadi 40 mwishoni mwa Septemba 2025, na hiyo haipatikani kwa kila pasipoti ya Ulaya, kwa kuwa raia wa Romania, Bulgaria na Saiprasi bado huomba viza kamili. Kuhusu Marekani nina onyo moja kwa wasomaji wangu wenye ndugu Mogadishu au Kismayu: aliyewahi kufika Somalia tangu tarehe 1 Machi 2011 haruhusiwi kutumia ESTA, hata awe na pasipoti ya Ujerumani au ya Uswidi, na anatakiwa kuomba viza ubalozini. Hilo halimaanishi kwamba atanyimwa, linamaanisha kwamba anahitaji miezi ya maandalizi badala ya siku. Kwa wanaokwenda Muscat kuwatembelea jamaa, Oman inawaruhusu Wajerumani kukaa siku 14 bila viza, kwa masharti ya kuwa na tiketi ya kurudi, mahali pa kulala palipothibitishwa na bima ya afya.

Nirudi kwenye kompyuta ya baba yule. Alipotafuta tovuti ya idhini ya Kenya, ya kwanza kumtokea haikuwa ya serikali bali ya mawakala walioipamba kwa bendera na nembo, nao walidai zaidi ya mara mbili ya ada halisi kwa kila mtu. Alikuwa amekwisha kujaza fomu ya mtoto wa kwanza aliponipigia. Kanuni ninayowapa wote ni kuangalia mwisho wa anwani: ya Kenya huishia na go.ke, na ya Tanzania, ambayo ni visa.immigration.go.tz, huishia na go.tz. Anayejaza fomu kwingineko analipa fedha za ziada na kuwakabidhi watu asiowajua nakala ya pasipoti ya mtoto wake, na hili la pili linanisumbua kuliko la kwanza.

Viza ya kawaida ya Tanzania kwa Mjerumani ni dola 50, ya kuingia mara moja, na inamruhusu kukaa hadi siku 90. Inawezekana kuilipia mtu anapofika, lakini kwa familia inayovuka mpaka wa barabara na watoto waliochoka nilisisitiza waombe mtandaoni wiki kadhaa kabla. Neno la kulizingatia ni shughuli. Baba alitaka pia kusaidia kufundisha kompyuta katika shule ya rafiki yake kwa wiki mbili bila malipo, akiamini kwamba kazi isiyo na mshahara si kazi. Uhamiaji hawalioni hivyo, kwani kujitolea nako ni kazi na kunahitaji kibali, na hata anayekuja kwa shughuli fupi ya kitaalamu au ya biashara ana viza yake tofauti ya dola 250. Mgeni anayekutwa darasani na viza ya matembezi huhesabiwa kuwa amevunja masharti. Aliacha mpango huo, akaahidi kurudi na kibali mwaka unaofuata.

Jambo lililokaribia kuiharibu safari halikuwa viza bali kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mama alikuwa ameuliza mahali alipokatia tiketi, akajibiwa kwamba anayetoka Ujerumani kwenda Tanzania haulizwi kadi hiyo. Jibu lilikuwa sahihi kwa mtu anayeruka moja kwa moja, na lilikuwa kosa kubwa kwao. Tanzania huidai kadi kwa kila mtu wa umri wa kuanzia mwaka mmoja anayetoka katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au aliyekaa kwenye uwanja wa ndege wa nchi hiyo saa 12 au zaidi, na Kenya ni mojawapo ya nchi hizo, kama ilivyo Ethiopia, ambako Waswahili wengi wa Ulaya hubadilishia ndege. Siku 8 za Mombasa ziliwaingiza wote wanne katika sharti hilo, akiwemo mama ambaye hakuhitaji viza. Kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na Ujerumani chanjo hii hutolewa na vituo vilivyoidhinishwa tu, ambavyo miadi yake wakati wa kiangazi hujaa upesi. Walichanjwa siku 13 kabla ya kuondoka. Faraja ni kwamba tangu Julai 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote, kwa hiyo aliyechanjwa zamani aitafute kabatini kabla ya kwenda kuchanjwa tena.

Yaliyobaki yalikuwa ya kitabu chenyewe. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mbele na ukurasa ulio wazi kwa muhuri. Ujerumani iliacha kutoa kile kijitabu cha bei nafuu cha watoto tarehe 1 Januari 2024, kwa hiyo mtoto sasa hupewa pasipoti ya kawaida, nayo huchukua wiki kadhaa. Mama alikuwa na jina la ndoa kwenye pasipoti ya Ujerumani na jina la ubini kwenye ya Kenya, basi alibeba cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Watakaofika hadi Unguja wakumbuke kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka mgeni alipie bima ya safari ya dola 44 inayotolewa na shirika la bima la huko, na bima aliyonunua Ulaya haichukui nafasi yake.

Wakati wa kurudi, nilimwandikia mama utaratibu wa pasipoti zake mbili kwenye karatasi, kwa sababu uwanjani mtu huchanganyikiwa. Kwenye kaunta ya ndege pale Dar es Salaam alitakiwa kuonyesha ya Ujerumani, kwa kuwa shirika la ndege hutazama kama abiria ataruhusiwa kuingia aendako, na likimpeleka asiyeruhusiwa hutozwa faini na kumrudisha. Hatua chache mbele, kwa ofisa wa uhamiaji, alitakiwa kutoa ya Kenya, yenye muhuri wa Horohoro. Alifuata hivyo hivyo. Baba alitoa ileile moja kote, na viza yake ya Tanga ikagongwa muhuri wa kutoka.