Kitabu cha mlimani mkononi mwa mtoto wa Goma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Vakansi kubwa ikikaribia, wazazi huniuliza mtoto asome nini kabla ya kutoka na wenzake kwenda kwenye ziwa dogo la Lac Vert, au kupanda kilima cha Mont Goma, au kumfuata shangazi shambani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, nina rafu moja ya vitabu vya kuazimisha, vingi ni vya Kifaransa vilivyotoka Ulaya. Hakuna kinachoondoka kwenye rafu ile kabla sijakisoma nikiwa na kalamu mkononi.

“Kitabu kizuri cha mlimani kinafaa mlima wowote.”

Hii ndiyo inayonitisha kuliko zote. Nina kimoja chenye picha ya kupendeza: upepo unavuma, watoto wawili wamejikunyata shimoni wakingoja kukuche. Kwenye milima ya Alpes shauri hilo halina ubaya. Hapa linaua. Mtoto wa Goma anakanyaga mawe ya volkano, na katika mashimo na mabonde madogo, hasa kando ya Ziwa Kivu na upande wa kuelekea mji wa Sake, hutuama mazuku, ule upepo mbaya. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hukaa chini kama maji kwenye karai. Usiku na alfajiri, hewa ikitulia, huzidi. Jua na upepo huitawanya. Tena mtoto ni mfupi: mkubwa anaweza kusimama palepale akapumua vizuri, huku mdogo wake aliyeinama kuokota mpira ameshazama ndani yake.

Kwa hiyo pembeni ya picha ile nimeandika kwa wino mwekundu: kwetu tunapumzika juu, penye upepo. Ukiona ndege au panzi wamekufa chini bila jeraha, rudi ulikotoka. Mwenzako akianguka shimoni usishuke kumvuta, maana mtakuwa wawili. Piga kelele, ita wakubwa.

Vitabu hivyohivyo hufundisha kutafuta njia kwa nyota ya kaskazini, ambayo sisi tulio kusini ya ikweta hatuioni. Dubu na theluji vimejaa. Guruneti lililosahaulika majanini halimo, na hilo ndilo mtoto wa Kivu anaweza kulikuta njiani akadhani ni kopo la kuchezea. Maneno ya kulihusu (usiguse, usirushe jiwe, rudi ukaseme) nayaongeza mwenyewe.

“Shujaa anayejitafutia njia ya kurudi nyumbani humfundisha mtoto ujasiri.”

Humfundisha kutembea, na kutembea ndiko kunakompoteza zaidi. Wanaomtafuta huanzia pale alipoonekana mwisho. Kila saa anayotembea, duara la kumtafutia linapanuka. Mwaka 1981, huko Palomar Mountain, California, mvulana wa miaka 9 alipotea, akapatikana amekufa. Baada ya hapo waliomtafuta wakaanzisha mafunzo ya watoto yenye shauri rahisi: ukijua umepotea, kumbatia mti, ubaki hapo. Mti unampa mtoto kitu cha kushika, na hofu inapungua.

Ila shauri hilo nalo lina mpaka. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na mti uliosimama peke yake si wa kukumbatia mvua ya radi ikija. Natafuta kitabu kinachosema yote mawili: baki ulipo ukipotea, lakini ngurumo ya kwanza ikisikika kabla hujapotea, safari imekwisha, rudini kwenye nyumba. Kwenye uwanda wa lava usio na mti, mtoto ashike jiwe kubwa lililo juu, paonekane kwa mbali.

“Goma hakuna baridi, sura ya nguo iruke.”

Mji uko kwenye mita 1,500 hivi, kilele cha volkano yetu, Nyiragongo, kwenye 3,470. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hushuka kwa digrii 6 hivi. Wape watoto hiyo hesabu.

“Lazima kiwe cha Kifaransa, apate na lugha.”

Lugha aipate kwenye somo la lugha. Mtoto aliyeshikwa na hofu hafanyi tafsiri. Mimi huwasomea ukurasa, kisha nafunga kitabu na kusema: nionyesheni. Watasimama wapi? Wataitaje? Wanaojibu kwa Kiswahili huku wanakimbilia juu ya ngazi ya darasa, hao wameelewa. Anayenirudishia sentensi nzima ya kitabu bila kosa, huyo namuuliza tena.

“Kitabu ni kitabu, hata cha zamani.”

Kwa hadithi, ndiyo. Kwa huduma ya kwanza, angalia mwaka wa kuchapwa. Kimoja nilichopewa na jirani kinaeleza, kwa michoro mitatu, jinsi ya kuchanja alipoumwa mtu na nyoka, kunyonya sumu na kufunga kamba kwa nguvu. Shirika la Afya Duniani linakataza yote matatu: aliyeumwa atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali haraka. Karatasi ile nimeichana. Kitabu chenyewe bado kiko kwenye rafu, maana sura ya mafundo ya kamba ni nzuri kweli, na watoto wanaigombania.