Vipimo vya awali kabla ya kuanza dawa ni nini?

Vipimo vya awali ni vile vya maabara anavyofanyiwa mgonjwa kabla ya kumeza kidonge cha kwanza cha dawa mpya, ili ijulikane figo, ini na damu yake vikoje dawa ikiwa haijavigusa.

Vinasaidia kujua kama dawa inamfaa. Pia vinaacha namba ya kulinganishia baadaye, na hili wagonjwa wengi hawaelezwi.

Mchukue mtu mzima wa Arua anayeanza dawa za VVU. Kidonge kinachotumika zaidi Uganda siku hizi kina tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Tenofoviri huweza kuumiza figo. Dolutegraviri nayo hupandisha kidogo kretinini, yaani taka ya damu inayochujwa na figo, wiki za mwanzo, ingawa figo hazina tatizo lolote. Miezi sita baadaye majibu yanasoma kretinini 125. Ikiwa alianza na 110, mganga ataendelea kumfuatilia bila hofu kubwa. Ikiwa alianza na 65, imekaribia kuongezeka maradufu, na figo zichunguzwe upesi. Ikiwa hakupimwa kabisa, ni kubahatisha: huenda akaondolewa dawa inayomsaidia, au akaachiwa inayomdhuru.

Kila dawa ina vipimo vyake. Dawa za kifua kikuu huangaliwa ini, zidovudini (dawa nyingine ya VVU) wingi wa damu, metformini (dawa ya kisukari) figo. Mtoto wa selimundu anayeanzishiwa haidroksiyurea huhesabiwa chembe zote za damu, kwani dawa hiyo huweza kuzishusha. Panadol ya siku mbili kwa mtu mwenye afya haihitaji haya yote.

Inaniuma namba hii ya mwanzo inapobaki kwenye rejista ya maabara peke yake. Wagonjwa wetu wengi hutembea na daftari la shule kama faili lao, na wakihama kituo ndilo wanaloonyesha. Mwombe mhudumu akuandikie humo jina la kipimo, namba, kizio chake na tarehe. Ni haki yako.

Kuhusu VVU, mtu asirudishwe nyumbani bila dawa eti majibu ya figo hayajafika. Kwa kawaida damu huchukuliwa siku hiyohiyo, sampuli ikapelekwa kwa pikipiki hadi maabara kubwa, naye akaanza dawa, isipokuwa mganga ameona dalili inayomlazimu kusubiri.