Fizi Zinazotoka Damu na Kisukari: Maswali na Majibu

Ugonjwa wa fizi ni nini?

Ni ugonjwa unaoanzia kwenye ukoga, yaani utando laini wenye bakteria unaojikusanya pale jino linapokutana na ufizi. Usiposuguliwa huwa mgumu na kugeuka ugaga. Ufizi huvimba na kutoka damu, kisha huachana na jino, na mfupa unaolishikilia jino hulika polepole.

Unahusianaje na kisukari?

Kila mmoja humchochea mwenzake. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu na kudhoofisha chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, ndiyo maana mwenye kisukari kisichodhibitiwa yumo katika hatari ya kuugua fizi takriban mara 3 zaidi ya asiye nacho. Fizi zenye maambukizi nazo humwaga katika damu kemikali zinazozuia insulini, homoni inayoshusha sukari, kufanya kazi yake, hivyo sukari hugoma kushuka hata kwa mgonjwa anayemeza dawa kwa wakati na aliyekwisha kuacha soda. Fizi zikitibiwa, kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, hushuka kwa takriban 0.4, tuseme kutoka asilimia 8.4 hadi 8.0. Matibabu ya kinywa hayachukui nafasi ya dawa za kisukari, lakini huzisaidia.

Fizi zikitoka damu, nipumzishe mswaki hadi zipone?

Hapana. Katika kliniki yetu ya meno tunawapokea mara kwa mara wagonjwa walioona mate mekundu, wakaogopa, wakaweka mswaki kando na kubaki na maji ya chumvi kwa miezi. Maji ya chumvi hutuliza kidogo, ila hayaondoi ukoga. Damu inatoka kwa sababu ya uchafu, na kila siku unayoacha kupiga mswaki uchafu unaongezeka. Kwa hiyo usiache: tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, ukifika hadi ukingoni mwa ufizi, kisha uende kliniki ya meno wiki hiyohiyo.

Lakini siumwi. Je, siwezi kusubiri?

Usisubiri. Ugonjwa huu hukaa muda mrefu bila kuuma, na hilo ndilo linalowaponza watu wengi. Mgonjwa huketi akasema hana shida ila jino "linacheza kidogo". Tukibonyeza ufizi kwa kidole, usaha hutoka pembeni mwa jino, naye hakuwa na habari. Mfupa ukishalika haurudi kama ulivyokuwa. Damu ndiyo dalili ya kukuleta hospitali. Ukingoja maumivu, mara nyingi kinachobaki kujadiliwa ni kung'oa.

Watu husema kuondolewa ugaga hulegeza meno.

Si kweli. Jino limelegezwa na ugonjwa. Ugaga ulikuwa unaficha tu. Baada ya kusafishwa unaweza kuhisi mapengo na ganzi ya baridi kwa siku chache. Vumilia, na kama unavuta sigara au unatumia tumbaku ya aina yoyote, acha, maana fizi zako hazitapona vizuri.

Sijawahi kuambiwa nina kisukari. Yananihusu?

Ndiyo, pima. Wengi wanacho bila kujua, na fizi zinazovimba kila mara au majipu ya fizi yanayojirudia ni sababu tosha ya kupimwa. Sukari ya kuanzia milimoli 7.0 kwa lita, kabla ya kula asubuhi, hurudiwa kupimwa ili kuthibitisha kisukari.

Nina kisukari, nije kliniki ya meno nikiwa sijala?

Tafadhali usifanye hivyo. Usipoambiwa vinginevyo na daktari wako, kula kama kawaida, tumia dawa zako kwa saa zake, uje asubuhi na kadi yako ya kliniki ya kisukari ili tuone vipimo vya karibuni. Anayemeza dawa au kuchoma insulini kisha akakaa na njaa kwenye foleni anaweza kushukiwa na sukari kabla hatujamgusa.