Uingereza hakuna sheria ya kukuongezea asilimia 2 kisa umelipa kwa kadi

Ile meseji inayozunguka kwenye magrupu ya ndugu zetu walioko Uingereza, kwamba ukilipa kwa kadi lazima duka likuongezee asilimia 2 na eti hiyo ni kodi ya serikali, jamani si kweli. Tangu 13 Januari 2018 biashara za kule haziruhusiwi kumtoza mteja wa kawaida hela ya ziada kwa kutumia kadi yake binafsi ya benki ya kule, iwe ya debiti au ya krediti, na wakikutoza una haki ya kudai urudishiwe.

Kinachochanganya watu ni kwamba makato yapo kweli, kila ukigusisha kadi kwenye mashine mwenye duka anakatwa kidogo, ila huo ni mzigo wake kama kodi ya fremu. Kadi za kampuni ndo zinaweza kuongezewa. Na kibao cha "kadi kuanzia pauni 5" kinaruhusiwa, hiyo sio ada. Halafu ndugu wa Marekani wanatuma ya kwao, ambako majimbo mengi yanaruhusu ada kwenye krediti, basi inageuka sheria ya dunia nzima.

Kucheki ni rahisi, soma risiti kama kuna mstari wa ada ya kadi. Ukitumia kadi ya Bongo, makato ya kubadilisha fedha kwa kawaida ni ya benki yako, utayaona kwenye stetimenti.

Kwa hiyo tafadhali msiifowadi tena, kuna wageni wanaiamini na wanalipa hela wasiyodaiwa.