Nyama mbichi kwa mbwa anayeharisha mara kwa mara

Kliniki kwetu, anayeniuliza habari za nyama mbichi mara nyingi ana mbwa ambaye wiki hii anaharisha, wiki ijayo ana nafuu, kisha hali inarudi palepale. Kabla ya kugusa chakula, napima choo. Minyoo na giadia, kijidudu kidogo cha utumboni, humharisha mbwa hata umlishe nini. Akiwa ni German Shepherd anayekula sana na bado anakonda, huku choo chake ni kingi na cha mafuta, nachunguza kongosho. Mbwa wa aina hiyo huathirika zaidi na ukosefu wa vimeng'enya vya kusaga chakula, na hapo nyama mbichi pekee haimponyi.

Vipimo vikiwa safi, tunaanza na nyama moja tu: steki ya ng'ombe isiyo na mafuta, maana mafuta ndiyo huliudhi tumbo kuliko kitu kingine. Siku za kwanza iwe sehemu moja ya kumi ya mlo. Choo kikibaki kigumu siku tatu au nne, ongeza kidogo. Kikilegea, rudi hatua moja nyuma. Kwa tumbo la namna hii, wiki nne si nyingi. Maini yasubiri hadi mwisho, nayo yasizidi asilimia 5 ya chakula.

Steki tupu haitoshi. Ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, kwa hiyo naongeza maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini, kama nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama. Watoto wa mbwa siwaanzishi kabisa, kwa sababu mifupa yao inayokua haivumilii makosa ya vipimo.

Sasa mapafu. Huku kwetu ndiyo nyama ya kulishia mbwa buchani, kwa kuwa ni rahisi. Mapafu na maini ya mbuzi, kondoo na ng'ombe huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye viluwiluwi vya mnyoo Echinococcus granulosus. Mbwa akivila vibichi, minyoo hukomaa utumboni mwake bila yeye kuonyesha dalili. Mayai hutoka na choo, hushika kwenye manyoya, na mtoto anayemkumbatia huyameza. Kwa binadamu vifuko hivyo hukua miaka mingi kwenye ini au mapafu, na mara nyingi huhitaji upasuaji. Waturuki wa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, wanaujua ugonjwa huu vizuri mno. Kwa hiyo mapafu chemsha hadi yaive kabisa, kila mara, na nyama ya kulisha mbichi iwe na muhuri wa mkaguzi. Mbwa anayekula mbichi nampa prazikwanteli, dawa ya minyoo, kila baada ya wiki sita, kabla mnyoo haujaanza kutaga.

Friza haiui salmonela, bakteria wa kuharisha. Nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito au mgonjwa mwenye kinga dhaifu, nawaomba wapike. Steki ileile ikichemshwa bila chumvi wala kitunguu hutuliza matumbo ya mbwa wengi vilevile.