Kaboni ya mikoko imo topeni

Hapa Mombasa imezoeleka kusemwa: mkoko ukikatwa, panda mche mwingine, kaboni imerudi. Hairudi hivyo. Sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko imo kwenye tope, ambako ukosefu wa oksijeni hufanya mizizi na majani yaoze polepole mno. Ukifyeka, tope hupata hewa, na kaboni iliyojikusanya miaka mingi huanza kutoka.

Ndiyo maana watafiti hawaishii kwenye mti. Unene wa shina la mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, si usawa wa kifua kama mwembe. Kisha bomba huzamishwa topeni hadi mita 1. Vipande hukaushwa kwa nyuzi 60, hupimwa uzito, halafu huchomwa tanurini ili kujua kaboni iliyomo. Tope likishindiliwa bombani, hesabu yote huharibika.

Mwaka 2020 Kenya iliahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua yoyote. Ahadi hiyo huhesabiwa kwa tani za gesi, si kwa miche. Na miche yenyewe hufa ovyo: mkoko ukipandwa mbele upande wa bahari, mahali pa mlilana (aina nyingine ya mti wa msitu huo), mawimbi huung'oa. Katika hori la Tudor, hapa Mombasa, cha kwanza ni kulinda msitu uliosimama.